Nani Atangulie Bustanini

Usiku ule nililala nimenuna, na walioninunisha ni wanawake wawili wazima, bibi za watu. Mmoja alikuwa kitandani juu yangu, mama yangu mzazi, akikoroma taratibu. Mwingine alikuwa upande wa pili wa jiji, Mama Mdogo Anasia, mdogo wake wa tumbo moja, na sina shaka naye alikuwa akikoroma vizuri tu. Mimi niliyekuwa nahangaika kwa ajili yao ndiye niliyejigeuza kwenye godoro la chini mpaka shuka ikanizonga miguuni.

Nieleze kwanza jambo lenyewe, ndipo ndoto itaeleweka.

Mama alikuwa aingizwe chumba cha upasuaji Jumatatu. Ni uvimbe wa tumboni. Daktari alituambia wazi kwamba kwa umri wake, na kwa presha ile aliyonayo, hawezi kutuahidi kitu, na kwamba wiki hii familia ikae naye karibu. Alisema kwa upole, akiniangalia mimi badala ya kumwangalia Mama, na Mama hilo halikumpita. Tulipotoka nje nilidhani atauliza habari za uvimbe, au atalia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama pale kwenye kivuli cha korido, akarekebisha kanga yake, akasema, "Anasia hajui."

Nilishtuka. Tangu Bibi azikwe sikuwahi kumsikia Mama akilitaja jina hilo kwa mdomo wake. Alikuwa anasema "yule", au "mwenzangu", au ananyanyua kidevu kuelekea upande anaokaa.

Ugomvi wao ni wa mazishi. Bibi yetu alifia nyumbani Marangu, katikati ya masika, miaka ambayo mimi nilikuwa bado shuleni. Wakati huo Mama Mdogo alikuwa ameolewa Masasi, hajahamia huku mjini. Barabara ilikuwa imekatika sehemu sehemu kwa mvua, akapiga simu kwa jirani akisema, niko njiani, naomba mnisubiri. Hawakumsubiri. Mama, kama mzaliwa wa kwanza, ndiye aliyetoa ruhusa, na Bibi akazikwa alasiri ya siku hiyo kwenye kihamba, lile shamba la migomba la ukoo. Mama Mdogo alifika asubuhi ya pili yake, kwa miguu kutoka barabarani, tope limempanda magotini, akakuta kaburi limeshasakafiwa na saruji bado mbichi. Waliokuwepo wanasema hakulia. Aliinama akachota udongo uliobaki pembeni, ule ambao alipaswa kuutupia ndani kama mtoto wa marehemu, akaufunga kwenye pindo la kanga. Akaondoka bila kunywa hata maji.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sisi watoto tumekua tukimsalimia mama yetu mdogo kwa kificho, kama watu wanaovuta sigara. Ukimuuliza Mama kwa nini hakusubiri, jibu lake ni lile lile: mvua ilikuwa inajaza kaburi, mwili usingengoja.

Sasa alipolitaja lile jina koridoni nikaona mlango umefunguka kidogo, nami nikaupiga teke. Mimi ni mtu wa kupanga. Kazini kwetu ndiye ninayepanga safari za wafanyakazi, nani apande gari gani, nani hapatani na nani asikae naye kiti kimoja. Nikajiambia, nitashindwaje kuwakutanisha ndugu wawili? Nyumbani kwa Mama, Mama Mdogo asingekanyaga. Kwa Mama Mdogo, Mama asingekanyaga. Kanisani kila mmoja ana usharika wake. Nikafikiri, nikafikiri, mpaka nikaikumbuka bustani ya mimea, ile ya umma, ambako yeyote anaingia. Pale hakuna mwenyeji wala mgeni. Hakuna anayeweza kusema yule alikuja kwangu kunipigia magoti.

Nikaenda kuiangalia kabla. Nilitaka kujua kama njia inafaa kiti cha magurudumu endapo Mama atachoka, kama choo kiko karibu, kama wanaruhusu kuingia na chupa ya chai. Nilikuta mabenchi mazuri chini ya miti mikubwa ambayo sikuijua, kila mti na kibao chake. Na kando ya njia, si mbali na geti, nikakuta wamepanda masale mstari mzima, wameyakata juu yakawa sawasawa kama ua wa ofisi. Kibao kilisema: mmea wa mapambo. Chini yake kingine: usichume. Nilicheka peke yangu hadi mama mmoja aliyekuwa na watoto akaniangalia. Kwetu Uchagani, isale ndilo jani unalolishika mkononi unapokwenda kwa mtu uliyemkosea. Ukimfikia nalo hawezi kukukatalia msamaha, hata kama ulimchomea nyumba. Na hapa wamelifanya pambo.

Nikawaambia wote wawili: Jumapili, bustanini, tukae kidogo tunywe chai. Na wote wawili walikubali! Nilishukuru Mungu kwa sauti, barabarani.

Masharti yalikuja baadaye. "Nitakwenda," Mama alisema, "ila mimi ni mkubwa. Siwezi kukaa kwenye benchi nikimngoja mdogo wangu. Nikifika, nimkute."

Nikampigia Mama Mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwanangu, nitakuja. Sina maneno mengi. Ila nikifika nimkute amekaa ananisubiri. Hata kidogo tu. Nikimkuta ananisubiri, yameisha."

"Mama Mdogo, ni mgonjwa."

"Najua. Nimeshasikia. Ndiyo maana nimesema sitaki kingine."

Nilimrudia Mama, nikambembeleza, nikamwambia kusubiri benchini si kitu, watu wanasubiri mabasi kila siku. Aliniangalia kwa yale macho ya kunipima. "Nikimsubiri," alisema, "nitakuwa nimekubali kwamba siku ile nilikosea." Akageukia ukutani.

Hapo ndipo nilipoishia. Nilijaribu kila namna. Nilifikiria mageti mawili, kila mmoja aingilie lake kwa wakati mmoja, lakini bustani ile ina geti moja la wageni. Kaka yangu akanishauri niwadanganye wote wawili. Nikamuuliza kama katika maisha yake amewahi kumdanganya Mama akafaulu, akakata simu. Ilikuwa Ijumaa. Nilijilaza pale chini nikiwaza kwamba Mama anaweza kufumba macho Jumatatu na asiyafumbue tena, kwa sababu tu mimi, mpangaji hodari, nimeshindwa kuamua nani atangulie kukaa kwenye benchi.

Sikumbuki usingizi ulinichukua wapi. Nilijikuta nimesimama getini.

Ilikuwa bustani ile ile, lakini hewa ilikuwa ya Marangu, ile baridi ya asubuhi yenye ukungu unaogusa uso. Nilikuwa nimebeba chupa ya chai kifuani. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, akaniuliza bila kuinua uso, "Ziara ya watu wangapi?"

Nikasema watatu. Halafu nikaona kwamba kwenye benchi la kwanza, ndani kidogo ya geti, Bibi amekaa.

"Wanne," nikasema.

Mlinzi akatikisa kichwa kana kwamba hiyo ni kawaida, akanipisha.

Bibi alikuwa na sweta lake la kahawia, lile lenye kiwiko kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Ungo ulikuwa mapajani, anachambua maharage. Alikuwa peku. Nilipomkaribia nikaona nyayo zake na upindo wa gauni vimelowa saruji, saruji mbichi, inang'aa, na kila alipousogeza mguu iliacha alama kwenye nyasi. Sikuogopa. Niliona aibu tu, kwamba tumemwacha mtu mzima na miguu ya namna ile.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wamefika?"

"Bado."

"Basi kaa."

Nikakaa. Nilitaka kumuuliza mambo mengi. Hasa nilitaka kumuuliza lile moja, maana mgogoro wote unamhusu yeye, na hakuna mwingine duniani wala ahera anayeweza kuumaliza: Bibi, je, mwenyewe ulitaka usubiriwe? Swali lilikuwa limeshapangika kinywani. Nilifungua mdomo, na nikajisikia nikisema, "Nimeleta chai." Vidole vya Bibi viliendelea, jiwe huku, harage kule. Nikafungua mdomo mara nyingine. "Ina tangawizi," nikasema.

Nikasimama kwenda kutafuta kilipo choo, maana Mama akifika atakihitaji. Natembea kwenye njia niliyoipita juzi kwa miguu yangu, na siijui. Miti ina vibao lakini vibao havina maandishi. Nakifuta kimoja kwa kanga, hakina kitu. Nakwenda kwa kingine. Kisha naona kwamba si miti tena, ni migomba, niko kihambani kwetu, na kila mgomba umevishwa kibao kitupu, na majani yanadondosha maji ingawa mvua bado haijanyesha. Nageuka nirudi kwa Bibi, naliona benchi mbali sana, na nyuma ya benchi naliona geti.

Na Mama yuko pale getini.

Amevaa lile gauni la hospitali la kufunga mgongoni. Amesimama nje, hajaingia, vidole vya miguu vimegusa ule mstari ambapo sakafu ya barabara inakwisha na bustani inaanza. Anaangalia chini. Nafurahi, nataka kupiga kelele kwamba Mama amekuja, lakini upande wa pili, kule mwisho wa bustani ambako mchana wa juzi kulikuwa na ukuta, kuna geti jingine, na Mama Mdogo amesimama nje yake. Tope limempanda magotini. Pindo la kanga yake limefungwa fundo, na fundo lile amelishika kwa mikono miwili. Naye anaangalia chini.

Nakimbia kwa Mama. "Mama, ingia, ameshafika, yule pale." Mama anainua uso, anafungua mdomo, na kinachotoka ni sauti ya mvua kwenye bati. Nasema tena. Mvua inazidi. Namshika mkono nimvute, mkono unateleza. Nakimbia kwa Mama Mdogo. Njia inarefuka chini ya miguu yangu, chupa ya chai imekuwa nzito kama ndoo, na siwezi kuiweka chini kwa sababu nimeahidi chai. Ninapofika Mama Mdogo ananiuliza kwa upole, "Amekaa?" Nageuka kuangalia. Mama bado amesimama. "Bado," nasema. "Basi na mimi bado," anasema.

Nikaenda na kurudi, sijui mara ngapi. Nilikuwa nalia. Mlinzi alikuwa ameinuka kwenye kiti chake na kuanza kukokota mnyororo wa geti, polepole, bila ubaya wowote, kama mtu ambaye zamu yake imekwisha. Nikamwambia, ngoja kidogo, kaka, hawa ni ndugu. Alinisikia vizuri. Akaendelea kukokota.

Nikamrudia Bibi nikapiga magoti kwenye nyasi, mbele ya zile nyayo zake. "Bibi, waite. Wewe ndiye mama yao. Ukiwaita watakuja."

Bibi alipuliza makapi kwenye ungo. "Nilishaita," alisema.

Hapo ndipo wazo likanijia, na katika ndoto lilikuwa wazo zuri kuliko yote niliyowahi kuwaza. Masale! Yako pale pale kando ya njia, mstari mzima, yamekatwa yakawa sawa. Nitachuma majani mawili. Hili nitampelekea Mama Mdogo nimwambie limetoka kwa dada yake. Hili nitampelekea Mama nimwambie limetoka kwa mdogo wake. Nani atajua? Nikalishika jani la kwanza nikavuta. Halikutoka. Nikalikunja, nikalizungusha, nikakanyaga shina kwa mguu nikavuta kwa nguvu zangu zote, viganja vikaniuma. Jani lilikuwa laini kabisa mkononi, la kijani, lenye umande, na halikutoka. Nikaliuma kwa meno. Uchungu wake ukanijaa mdomoni. Mlinzi alikuwa ananiangalia, na kibao cha usichume kiko pale pale, naye hakunikataza. Hilo la kutonikataza ndilo lililonitia hofu.

"Hilo si lako kuchuma," Bibi akasema nyuma yangu.

"Sasa la nani?"

Akauweka ungo chini. Ndipo aliponiangalia kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa yale yale, yamezungukwa na ule weupe wa uzee, na nilipoyaangalia mvua ikaanza.

Benchi si benchi. Ni kile kitanda chake cha mbao cha Marangu, chenye chandarua kilichofungwa juu. Bibi amelala, amekuwa mdogo, blanketi halionyeshi kama kuna mtu chini yake. Mama ameinama juu yake na kitambaa chenye maji. Si Mama wa gauni la hospitali, ni Mama wa wakati ule, ana nywele nyeusi zilizosukwa, ana mikono yenye nguvu. Hakuna mtu mwingine chumbani. Mimi niko mlangoni, nataka kuingia, na miguu yangu haina habari na mimi. Mvua kwenye bati ni kubwa mno, lakini sauti ya Bibi, ambayo ni ndogo kabisa, naisikia kama vile anasemea sikioni mwangu.

"Msinizike mpaka Anasia afike."

Na Mama, akimfuta paji la uso, anajibu, "Ndiyo, Mama."

Nataka nisiwe nimesikia. Nageuza uso, na ninapogeuza uso nipo kihambani, kati ya migomba. Wanaume wana majembe, wamevua viatu. Maji ya tope yanaingia kaburini kwa vijito, na mzee mmoja wa ukoo, maji yanamtiririka kwenye kofia, anamuuliza Mama jambo. Najua anachouliza. Napiga kelele, subirini, yuko njiani, ameshavuka mto, kesho asubuhi atafika! Napita katikati yao nikiwashika mashati, wananipisha kama mtu anavyopisha mgomba, bila kuniona. Nasimama mbele ya Mama, uso kwa uso. "Mama, sema wasubiri. Neno moja tu." Mama anaangalia kaburi. Anaangalia barabara. Anaangalia barabara kwa muda mrefu, hilo nililiona na ninamtetea nalo mpaka leo. Halafu anainamisha kichwa, mara moja, na majembe yanaanza.

Sikuona wakimaliza. Mkono ulinishika hapa, juu ya kiganja. Ulikuwa wa baridi na una saruji. Tulikuwa bustanini tena, mimi na Bibi peke yetu, na geti lilikuwa limebakiza upenyo wa mtu mmoja kupita ubavu ubavu.

"Mwambie nilimwambia," Bibi alisema.

"Bibi, mimi siwezi. Ni mgonjwa. Ana presha. Nikimwambia hivyo nitamuua."

"Mwambie kabla hawajamlaza."

"Bibi, nitajuaje kwamba ni kweli? Mimi naota tu."

Hakunijibu hilo. Aliniachia mkono, akauchukua ungo wake, akainuka kwa shida, akishika kiuno, na nikakumbuka kwamba hata uhai wake wote aliinuka hivyo hivyo. Akaenda zake katikati ya miti. Nyayo zake zikaacha saruji kwenye nyasi, na kila alama nilipoiangalia ilikuwa inaanza kukauka. Nikamwita. Nikasahau kumwita Bibi, nikawa namwita Mama, Mama, Mama, na sauti ambayo haikutoka usiku mzima ikatoka yote kwa pamoja.

"Amka. We Upendo, amka."

Mama alikuwa ameinama kutoka kitandani, amenishika bega. Kulikuwa kumeshakucha. Mwanga wa Jumamosi ulikuwa umeingia dirishani, jirani anafagia uwanja, redio yake inasoma taarifa ya habari. Uso wangu ulikuwa umelowa, na mdomoni nilikuwa bado na uchungu, nikatafuta maji nikayanywa yote.

"Ulikuwa unamwita nani?" Mama aliuliza.

"Sijui. Wewe, labda."

"Hukuwa unaniita mimi." Alijiegemeza kwenye mto, akapumua kwa kishindo kidogo kama anavyopumua siku hizi. "Ulimwita kwa sauti ya kule nyumbani, Marangu, kama nilivyokuwa nikimwita mimi. Ulimwona mama yangu."

Nikaanza kuikunja shuka.

"Alisemaje?"

Nilitafuta uongo nikaukosa. Nina uongo mwingi mzuri, wa kazini, wa majirani, wa kuaga wageni wasioondoka, na asubuhi ile hata mmoja haukunijia. Niliangalia miguu yake iliyovimba kwenye ukingo wa kitanda. Nikafikiria presha yake. Nikafikiria kwamba huenda Bibi hakuja kabisa, kwamba ni kichwa changu mwenyewe kilichochoka ndicho kilichomtunga, na kwamba nikitamka maneno yale nitakuwa nimemshtaki mama yangu kwa ushahidi wa usingizi, siku mbili kabla ya kisu. Na nikafikiria vile vile kwamba nisipoyatamka, akalazwa Jumatatu asiamke, nitabaki nayo mimi. Sikujua lipi ni baya zaidi. Nilitamani mtu mwingine yeyote awe ndiye aliyeota.

"Ni ndoto tu, Mama."

"Nimekuuliza alisemaje."

"Alisema nikwambie kwamba alikwambia." Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Kwamba msimzike mpaka Mama Mdogo afike."

Mama hakushtuka. Hilo ndilo lililonivunja nguvu. Nilikuwa nimejiandaa anifokee, aniulize nimekula nini jana, na mimi ni nani hata mama yake aje kwangu asiende kwake. Aliangalia mikono yake juu ya shuka, akaigeuza, akaviangalia viganja. Jirani akamaliza kufagia, tukamsikia akigonga ufagio kwenye kizingiti.

"Tulikuwa wawili tu chumbani," alisema.

Nikaacha kuikunja shuka.

"Wazee waliniuliza, mama yenu aliacha neno? Nikasema hakuacha. Mvua ilikuwa inaingia kaburini, Upendo. Niliogopa maji yatamfikia. Nikasema tukishamaliza nitamweleza Anasia, ataelewa. Halafu akaja, akaona saruji, akachota ule udongo. Nikashindwa." Alijifuta pua kwa upande wa kanga. "Nikashindwa siku ile, na kila siku iliyofuata ikawa ngumu kuliko ile ya jana yake."

Nilisogea nikaweka kichwa changu kwenye magoti yake, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufanya. Nilitaka kumwambia yameisha. Lakini hayakuwa yangu kuyamaliza. Aliniwekea mkono kichwani, ukakaa pale, mzito, una joto la homa kidogo. Tulikaa hivyo mpaka taarifa ya habari ya jirani ikaisha na matangazo ya vifo yakaanza, na Mama, ambaye huwa hayampiti, hakuyasikiliza.

"Pale bustanini," alisema mwishowe, "Jumapili wanafungua saa ngapi?"

Nilikuwa nimeuliza habari za choo, za kiti cha magurudumu na za chupa ya chai. Hilo sikuwa nimeliuliza. "Sijui, Mama. Asubuhi, nadhani."

"Basi uulize," alisema. "Nataka wakifungua tu, niingie nikae. Anasia aje anikute."